Herufi A.O.I. na ndege wa vichwa viwili kwenye bunduki ya babu: ni alama za nani?

Mwalimu wa Donholm

Salamu kwenu nyote. Naomba msaada wa kusoma alama zilizo kwenye bunduki kuukuu iliyokuwa ya marehemu babu yangu, aliyetumikia Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) katika vita vya Uhabeshi kisha akarudi nyumbani kwetu upande wa Machakos. Kabla sijaendelea, nieleze hali yake kisheria ili tusipoteze muda hapo. Cheti kilikuwa kwa jina la baba mdogo, aliyefariki mwaka jana, na tangu wiki ya mazishi bunduki iko kwa muuza silaha mwenye leseni hapa Nairobi, ikingoja familia iamue kama itakabidhiwa serikalini au itaombewa nafasi kwenye makavazi. Pini yake ya kufyatulia ilikatwa miaka mingi iliyopita na mtutu umezibwa kwa kipande cha chuma kilichochomelewa ndani, kwa hiyo haiwezi kufyatua chochote.

Muuza silaha aliniruhusu kuketi nayo mezani pake kwa muda wa saa moja, yeye mwenyewe akiwa kando. Nilipiga picha, kisha nikaweka karatasi nyembamba juu ya kila alama na kupitisha ubavu wa penseli, kama tulivyokuwa tukinakili sarafu tulipokuwa shule ya msingi.

Juu ya chuma kinene kinachofunika chemba, yaani mahali risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, kuna maandishi ya mistari miwili ambayo, kwa bahati mbaya, binamu yangu aliyasugua kwa msasa siku mbili kabla ya mazishi, akidhani anaondoa kutu ili bunduki ipendeze machoni pa wageni. Mstari wa juu umebaki na herufi tatu za mwisho, EYR, na wa chini umebaki na 95 ikitanguliwa na nukta. Mbele kidogo, kwenye shina la mtutu, msasa haukufika, na alama zimesalia kali kana kwamba ziligongwa jana: herufi Wn, kisha ndege mwenye vichwa viwili aliyetandaza mabawa, kisha 17. Ubavuni kushoto kuna nambari ya tarakimu nne na herufi moja, ambayo sitaiandika hapa. Tarakimu za kilengeo cha nyuma zinapanda hadi 26. Kwenye kitako, upande wa kulia, kuna herufi A.O.I. zilizozama ndani ya mbao, kila moja ikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hatimaye, chini ya kitako, karibu na pete ya mkanda, kuna alama ndogo inayofanana na unyayo wa kuku: mstari mmoja mrefu, mingine miwili mifupi inayokutana nao kichwani, na mkato mmoja unaoukata ule mrefu katikati.

Kuna jambo la umbo pia. Mpini wa bolti, kile chuma kinachosogezwa ili kuingiza risasi chembani, hauinuliwi juu. Huvutwa nyuma moja kwa moja na kurudishwa mbele moja kwa moja. Chini ya sanduku la risasi kuna tundu lililo wazi, na baba mdogo alikuwa akitusimulia kwamba utotoni walitia punje za mahindi kwa juu ili wazione zikidondoka mavumbini kwa chini.

Nyumbani kila mtu ana tafsiri yake. Wajomba wanasema A.O.I. ni vifupisho vya jina la kapteni Mtaliano aliyetekwa na babu. Binamu wa msasa anashikilia kwamba 17 ni idadi ya maadui. Mwingine anasema unyayo wa kuku ni ule mshale wa serikali ya Mwingereza, na kwa hiyo bunduki ilikuwa ya Keya tangu mwanzo. Mimi nafundisha historia na naona aibu kusimama mbele ya familia bila jibu. Tafadhali nisaidieni kutenganisha alama na hadithi.

Kijana wa Ngara

Pole kwa msiba, Mwalimu. Kwa maoni yangu jambo hili si gumu. Askari wa Keya walipewa silaha za Kiingereza, na ule mshale ndio ushahidi, kwa maana Waingereza waliugonga kwenye kila mali ya serikali, kuanzia bunduki hadi mahema. Najua mtaniambia kwamba bolti ya Lee-Enfield, bunduki ya kawaida ya jeshi la Uingereza, lazima iinuliwe kwanza. Ni kweli, lakini kulikuwa na Ross ya Kanada, ambayo ilitumia risasi ileile ya .303 na bolti yake huvutwa moja kwa moja kama unavyoeleza. Napendekeza Ross, na 17 iwe mwaka 1917. Herufi za kwenye kitako zinaweza kuwa za kikosi.

Mzee wa Karakana

Mwalimu, pokea pole zangu. Nilikarabati silaha kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nilichojifunza mapema ni kwamba alama za bunduki moja hazikuandikwa na mkono mmoja wala siku moja. Kiwanda hugonga za kwake, mkaguzi wa jeshi hugonga za kwake, mnunuzi wa pili huongeza, fundi wa kikosi huongeza, na mwishoni huja mwenye kisu. Anayezisoma zote kama sentensi moja atapata upuuzi, na hilo ndilo limewapata watu wa nyumbani kwenu, pamoja na Kijana wa Ngara kwa kiasi fulani, ingawa wazo lake la Ross ni la mtu anayejua anachozungumza.

Tuanze kwa kuondoa zisizowezekana. Lee-Enfield fupi ya Vita vya Kwanza hubeba alama zake upande wa kulia, kwenye ukosi wa chuma unaoshika kitako: taji, chini yake herufi G.R. za mfalme, kisha jina la mahali ilikotengenezwa, kama vile ENFIELD au B.S.A. Co., kisha mwaka kwa tarakimu nne. Zilizotengenezwa Lithgow, Australia, au Ishapore, India, hutaja mahali hapo, na za India huongeza I kwenye herufi za mfalme kwa kuwa huko alikuwa pia mfalme mkuu. Sanduku lake hubeba risasi kumi na limefungwa kwa chini. Punje ya mahindi haiwezi kupita. Ross nayo hujitambulisha kwa jina lake lenyewe, na mali ya jeshi la Kanada huwa na mshale ndani ya herufi C. Nayo pia haina tundu la chini.

Tundu hilo ndilo lililonipa jibu hata kabla sijafika kwenye ndege. Bunduki ya Mannlicher ya Austria hulishwa kwa kibanio cha chuma chenye risasi tano, na kibanio chote huingia ndani pamoja na risasi zake. Risasi ya mwisho ikishapanda chemba, kibanio hakina tena cha kukishikilia, kikadondoka kupitia tundu hilo. Askari wa mahandakini walililalamikia kwa sababu matope yaliingia kwa njia ileile, lakini kwa utambuzi ni kitu kizuri kuliko muhuri wowote, maana msasa haufuti tundu.

Basi EYR ni mabaki ya STEYR, mji wa Austria wenye kiwanda kikubwa, na chini yake palikuwa na M.95, yaani modeli ya mwaka 1895 iliyobuniwa na Ferdinand Mannlicher. Zile zilizotengenezwa Hungaria husomeka BUDAPEST M.95, kwa hiyo herufi hizo tatu zilizosalia zimetosha kabisa. Wn ni kifupi cha Wien, yaani Vienna. Ndege ni tai wa vichwa viwili wa ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria na Hungaria. Kijana amepatia kuhusu 17: ni 1917, mwaka ambao wakaguzi wa jeshi waliupokea mtutu huo, na hauhusiani na idadi ya maiti wala nambari ya askari. Binamu yako asikasirike.

Nakuomba mambo mawili kabla sijasema zaidi. Pima urefu wote, kuanzia mdomo wa mtutu hadi bamba la kitako. Kisha chukua tochi, iweke ubavuni karibu kabisa na chuma ili mwanga upite kama jua la saa kumi na mbili jioni, ukague sehemu ya juu ya chemba na shina la mtutu: je, kuna S au H kubwa popote? Usipake tindikali wala usiruhusu mtu akaribie tena na msasa au brashi ya waya. Mafuta mepesi na kitambaa cha pamba vinatosha.

Mwalimu wa Donholm

Mzee wangu, ahsante sana. Nimerudi huko leo asubuhi na futi ya fundi cherehani, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Urefu ni sentimita 127 na ziada ndogo. Nimepitisha tochi kama ulivyoelekeza, na kwa mara ya kwanza nimeuona mguu wa T ukijitokeza kabla ya E, kisha nikiusogeza mwanga unapotea tena. S ya mwanzo wa neno siioni. Herufi kubwa ya pekee, iwe S au H, haipo popote.

Naomba pia kueleweshwa kuhusu 26. Ikiwa ni mamia ya mita, yaani mita 2,600, nani alikuwa akimlenga nani kwa umbali huo?

Mzee wa Karakana

Urefu huo ni wa bunduki ndefu ya askari wa miguu, si ile fupi ya wapanda farasi wala ya vikosi maalumu, ambayo hufika mita moja tu.

Kuhusu 26, si mita wala yadi. Milki ya Austria na Hungaria ilipima kwa hatua, na hatua moja ya kijeshi ilihesabiwa kuwa sentimita 75, hivyo hatua 2,600 ni mita 1,950. Hakuna mtu aliyetarajia kumpata mtu mmoja kwa umbali huo. Kikosi kizima kilielekeza midomo ya bunduki juu kwa pamoja ili risasi zinyeshe mahali ambapo adui alidhaniwa kuwapo, na majeshi mengi ya wakati ule yalikuwa na vilengeo vya aina hiyo, wakiwemo Waingereza wenyewe.

Kukosekana kwa S na H ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, na ndiyo sababu nilikusumbua. Kuanzia mwaka 1930 Austria, na Hungaria baada yake, zilibadilisha bunduki hizi zitumie risasi mpya yenye nguvu zaidi, 8x56R, badala ya ile ya zamani ya 8x50R. Iliyobadilishwa Austria iligongwa S kubwa, na ya Hungaria H, ili askari asichanganye risasi. Nyingi pia zilifupishwa, na vilengeo vyake vikahamishiwa kwenye mita. Yenu ni ndefu, ina hatua, haina S wala H. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwa Waaustria na Wahungaria kabla ya mabadiliko hayo. Ilikwenda wapi? Naona kitako kinajibu, lakini kwa hilo namwachia anayejua makaratasi kuliko mimi.

Mtunza Makabrasha

Nadhani ninaitwa. Mzee wa Karakana amemaliza kazi ya chuma, nami nitaongeza ya herufi.

A.O.I. ni Africa Orientale Italiana, yaani Afrika Mashariki ya Italia. Ni jina la koloni lililotangazwa mwaka 1936, baada ya majeshi ya Mussolini kuingia Addis Ababa, likiunganisha Uhabeshi, Eritrea na Somalia ya Kitaliano chini ya utawala mmoja. Milki ya Austria na Hungaria iliposambaratika mwaka 1918, Italia, iliyokuwa upande wa washindi, ilijipatia maelfu kwa maelfu ya bunduki za Mannlicher pamoja na risasi zake. Jeshi la nyumbani lilibaki na bunduki yake ya Kitaliano, Carcano, na bunduki hizi za nyara zikapelekwa kwa wingi makoloni kwa askari wenyeji. Herufi za kwenye kitako ziligongwa kuonyesha ni mali ya huko. Kwa hiyo alama hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1936, na haiwezi kuwa ya baada ya 1941, kwa kuwa Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, ilianguka Novemba mwaka huo mbele ya majeshi ambayo ndani yake mlikuwa na vikosi vya Keya. Huo ni upana wa miaka mitano tu. Ni nadra mbao kutoa jibu la karibu namna hiyo.

Sasa tazameni njia iliyopita. Chuma kilifuliwa Steyr, kikakaguliwa Vienna mwaka 1917 ili kipigane na Waitaliano milimani. Waitaliano wakakitwaa, wakakivusha bahari, wakampa askari Mwafrika akipigie Waafrika wenzake. Na mwisho wake ni juu ya meza ya muuza silaha Nairobi. Kapteni wa wajomba zako sijamwona popote.

Ila nina shaka moja, Mwalimu, na uniwie radhi kwa kuigusa wakati familia bado iko kwenye matanga. Hadithi ya kwamba babu aliiteka na kurudi nayo hainikai sawa. Silaha zilizotekwa zilikuwa mali ya jeshi lililoteka, si ya askari aliyeziokota, na sioni jinsi askari wa Keya angeshuka garimoshi akiwa na bunduki ya mita moja na robo begani bila kuulizwa. Alama zinasema bunduki ilikuwa ya Waitaliano wa Afrika Mashariki, basi. Hazisemi nani aliileta Kenya, wala mwaka gani. Hilo hutafutwa kwenye karatasi. Je, kuna cheti cha zamani kuliko cha baba mdogo? Baadhi ya watu hutunza makaratasi ya bunduki kuliko bunduki yenyewe.

Kijana wa Ngara

Nimekubali kuhusu Ross. Sasa najiuliza kama kuna cha kushangaza hata kidogo katika kuiona silaha ya Mtaliano hapa kwetu. Kila ninaposhuka kwenda Naivasha kwa barabara ya chini napita lile kanisa dogo la Mai Mahiu ambalo wafungwa wa vita wa Kitaliano walilijenga mwaka 1942. Watu walikuja kwa maelfu, na vitu vyao pia vilikuja.

Lakini sijaachia ule mshale. Hakuna aliyeutolea maelezo hadi sasa. Ikiwa Waingereza waliiteka mwaka 1941, je, hawakuweza kuugonga mshale wao juu ya mali ya Mtaliano ili ijulikane imebadilisha mikono? Naomba Mzee anijibu hilo bila kuniita kijana.

Mzee wa Karakana

Ni jina ulilojichagulia mwenyewe, ndugu yangu. Swali lako ni zuri na linastahili jibu refu.

Ndiyo, wangeweza. Mshale wa serikali uligongwa pia juu ya vitu vya asili nyingine vilipoingia mikononi mwao, na kila nchi ya himaya ilikuwa na namna yake: Australia ilikuwa na mshale katikati ya herufi mbili za D, Afrika Kusini mshale ndani ya U. Silaha ilipouzwa nje ya jeshi waligonga mshale wa pili ukigusa wa kwanza ncha kwa ncha, ili aliyenunua kwa halali asikamatwe kama mwizi. Kwa hiyo sikatai kwa sababu ya bunduki kuwa ya Austria.

Nakataa kwa sababu ya mkato wa katikati. Mshale wa serikali una mistari mitatu inayokutana kwenye ncha, na mwili wake hauna kitu kinachoukata. Tena, Waingereza walipenda kuugonga kwenye chuma pia, na Mwalimu hakuona chochote kwenye chuma. Hata hivyo nisingependa kuamua kwa maneno. Mwalimu, ikiwa muuza silaha bado hajachoka nawe, tazama alama hiyo kwa kioo cha kukuzia. Muhuri wa chuma ukipigwa kwa nyundo huponda mbao: nyuzi zake hulala chini bila kukatika, kina cha mistari yote hulingana, na kingo huwa na mviringo kidogo kwa sababu mbao ilisukumwa kando. Kisu hukata: nyuzi zinaonekana zimetengana, mfereji una umbo la V, mwanzo wa mstari ni wa kina na mwisho wake unapanda na kukonda pale mkono ulipoinuka. Mara nyingi utaona mahali kisu kilipoteleza na kupita mpaka. Linganisha na A.O.I. zilizo upande wa pili, ambazo bila shaka ziligongwa, na utaona tofauti bila kuambiwa.

Ukiona kisu, acha kutafuta kwenye vitabu vya alama za majeshi. Tafuta nyumbani.

Mwalimu wa Donholm

Nimechukua siku kadhaa kurudi kwa sababu niliamua kwenda Machakos mwisho wa wiki badala ya kuendelea kukisia nikiwa Donholm. Nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, kioo. Ni kisu. Mistari miwili mifupi inakonda kuelekea nje kama Mzee alivyosema, na ule mkato umeteleza upande mmoja, ukaacha mkwaruzo mwembamba wa karibu nusu sentimita. Herufi A.O.I., kwa upande wake, zina kina kimoja kotekote.

Pili, makaratasi. Ndani ya mkebe wa biskuti wa baba mdogo, chini ya risiti za karo zetu, kulikuwa na cheti cha babu mwenyewe cha mwaka 1965, kilichopigwa chapa, ambapo mwandishi ameiandika bunduki MANLICKER. Kimebanwa pamoja na barua ya kurasa moja na nusu kutoka kwa mzungu mwenye shamba upande wa Ol Donyo Sabuk, ambaye babu alikuwa nyapara wake. Barua inasema kwamba anaondoka nchini na anamwachia babu bunduki hiyo kwa kumbukumbu, ikiwa tayari imekatwa pini na kuzibwa. Yeye aliipataje, haelezi. Mtunza Makabrasha, shaka yako ilikuwa ya haki. Babu hakuitoa Uhabeshi.

Nilimsomea shangazi barua hiyo nikitarajia atakasirika, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa aliyebaki na hadithi ya kapteni nimeisikia nyumbani kwake mara nyingi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema babu hakuwahi kudai kwamba aliiteka. Alichosema, kila alipoishusha kutoka ukutani kuipaka mafuta, ni kwamba bunduki ya aina hii ndiyo iliyokuwa ikimlenga yeye kule Gondar, na kwamba aliijua kwa sauti ya bolti yake kwenda na kurudi kabla hajaiona. Wajomba walikuwa watoto. Walisikia "Gondar", wakamalizia wenyewe.

Kisha nikamwonyesha ile karatasi ya penseli yenye unyayo wa kuku. Hakuhitaji miwani. Alicheka, akaniuliza nimesoma hadi chuo kikuu kisha nikashindwa kusoma mzinga wa nyuki. Ni alama ya ukoo wetu, aliyokuwa akiichonga babu kwenye mizinga yake na baba yake kwenye mishale yake, ili mzinga ukitundikwa mti wa mbali kila mpita njia ajue una wenyewe. Na mkato wa katikati ndio unaotofautisha nyumba yao na nyumba ya kaka yake. Alinipeleka nyuma ya ghala, ambako mzinga mmoja wa gogo umelazwa juu ya mawe, umepasuka na hauna nyuki tangu siku nyingi. Niliweka karatasi juu ya mbao, nikapitisha penseli. Alama ya mzingani ni kubwa mara tatu na imechimbwa kwa chombo kizito zaidi, lakini mkato umeteleza upande uleule.